Nilivyosomea Magonjwa ya Mimea Kampala: Pesa, Sampuli na Panga la Jirani

Msimu wa kuomba vyuo ukikaribia, napigiwa simu na vijana wa kwetu Kagera, na siku hizi hata wa Goma na Kitale. Swali ni lilelile: kusomea magonjwa ya mimea Uganda kuna maana? Na gharama zikoje? Nimejibu sana kwa ujumbe wa sauti. Sasa naandika, ili nikiulizwa tena nimpe mtu asome mwenyewe. Nilisoma shahada ya uzamili ya sayansi ya mazao Makerere, nikajikita kwenye magonjwa, na nilimaliza nimechelewa. Mengi yaliyonichelewesha mtu anaweza kuyakwepa akiambiwa mapema.

Kilichonipeleka ni migomba. Mnyauko wa bakteria ulikuwa ukijulikana Ethiopia tangu 1968, ulipoelezwa kwa mara ya kwanza kwenye ensete, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Uganda ulithibitishwa 2001, wilayani Mukono, na ilipofika 2006 ulikuwa umeshatufikia Muleba. Kibanja cha bibi yangu kiliisha mbele ya macho yetu. Majani yalilegea na kuwa manjano, ndizi zikaiva kabla hazijakomaa, ukiikata moja ndani ni kahawia kama iliyooza. Watu walisema mengi. Wengine walilaumu mvua, wengine mbolea, wengine mkono wa mtu. Kwa kweli ulikuwa mkono wa mtu, ila si kwa namna waliyofikiri wao.

Nilichagua Uganda kwa sababu ugonjwa ulipita huko kabla ya kufika kwetu na vituo vya utafiti vipo karibu: Kawanda kwa migomba, Namulonge kwa mihogo, na chuo chenyewe kina shamba lake la utafiti Kabanyolo, nje kidogo ya Kampala. Halafu kuna basi la moja kwa moja kutoka Bukoba, unapita Mutukula, Masaka, unashuka Kampala umechoka lakini umefika. Mtu asikudanganye kwamba ukaribu ni jambo dogo. Mama akiugua, unafika nyumbani kesho yake.

Tuanze na pesa. Ada watu huiandaa, hata kama ni kwa kuuza ng'ombe. Kinachowamaliza wengi ni utafiti. Kwenye pendekezo langu niliandika bajeti kwa kukisia, na msimamizi wangu akaipitisha kwa sababu ilionekana nadhifu. Hakuna mahali nilipoweka kusubiri. Vipande vya vinasaba vya kuanzishia kipimo, ambavyo maabara kila mtu huviita praima, huagizwa nje ya nchi. Bei yake si ya kutisha, ila muda wa kuvisubiri ndio mzito, na kodi ya chumba Kikoni, mtaa wa wanafunzi karibu na chuo, haijui kwamba praima zako hazijafika. Kusoma mpangilio wa vinasaba nako tulipeleka sampuli nje. Kwa hiyo kabla hujaandika pendekezo, nenda kwa wauzaji wa vifaa vya maabara Kampala, chukua bei, na kwa kila kitu uliza: kipo dukani au kinaagizwa? Kama kinaagizwa, weka gharama ya kula na kulala kwa miezi utakayokisubiri. Mimi mingi ya miezi hiyo niliimaliza kwa rolex za Wandegeya, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na mpaka leo harufu ya mayai na chapati jioni hunirudishia unyonge wa kipindi kile.

Umeme nao uweke akilini. Ukikatika usiku na friji ya sampuli haina jenereta, asubuhi unakuta maji. Niliwahi kulia maabara kwa jambo hilo, na fundi wa maabara, mzee mmoja mpole, akaniletea chai akaniambia kila sampuli huhifadhiwa mahali pawili, moja kwenye friji hii, nyingine kwenye jengo jingine. Aliniambia baada ya tukio, nami nakwambia wewe kabla.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kazi za mikono. Chakula cha kukuzia kuvu cha dukani kilipotuishia, tulikipika wenyewe: viazi mviringo gramu 200 vilivyochemshwa na kuchujwa, glukosi gramu 20, agari gramu 15, maji mpaka ijae lita moja. Ile mashine kubwa ya kuua vijidudu kwa mvuke ilipoharibika tulitumia sufuria ya presha, ambayo ikifikia presha yake kamili hutoa nyuzi 121, na dakika 15 zinatosha kwa chupa ndogo. Sahani zangu za kwanza zilijaa ukungu wa kijani na mweusi ambao hata si wa mmea niliokuwa nauchunguza. Chanzo kilikuwa feni ya darini. Izime unapomimina sahani, funga na madirisha, joto la Kampala utalivumilia.

Bakteria wa mnyauko mwenyewe akikubali kuota ni mzuri kumtazama, Mungu anisamehe. Siku ya pili au ya tatu unakuta vidoa vya manjano, vya mviringo, vimevimba na kuteleza kama tone la asali. Unachukua kidoa kimoja, unakikuza peke yake, unamdunga mgomba mchanga mzima, unangoja. Ukinyauka, unamtoa tena bakteria ndani yake, na awe yuleyule. Hatua hizo zinaitwa kanuni za Koch, zina zaidi ya miaka mia moja, na ndizo zitakazokutetea siku ya kujibu maswali ya tasnifu kuliko mashine yoyote ya bei. Wanafunzi wengi wanakimbilia vipimo vya vinasaba wakati hawajawahi kuuona ugonjwa ukianza kwenye mmea waliouambukiza wenyewe. Mimi hilo huliona ni kasoro kubwa ya mafunzo yetu.

Lakini niseme ukweli, jina la ugonjwa ndiyo sehemu rahisi. Shamba ndilo lililonifundisha kazi.

Nilikuwa Mukono nikichukua sampuli kwa jjajja mmoja, bibi wa umri wa bibi yangu, anayelima kayinja, ndizi za pombe, pamoja na matooke, ndizi za kupika. Nilimwamkia kwa Kiganda changu cha kubabaisha, akacheka, akanikaribisha. (Kiswahili usikitegemee sana kwa wazee wa Buganda. Wapo ambao wakikisikia wanakumbuka askari. Mjini, sokoni na kwa wenzako wa Kenya na Kongo kitakufaa, lakini shambani jifunze Kiganda, hata salamu tu.) Nilimwonyesha mgomba uliolegea. Akachukua panga, akaukata kwa pigo moja, akanionyesha pale palipokatwa. Tulisimama kidogo, na usaha wa manjano ukaanza kutoka kwenye kikonyo, matone madogo, kisha makubwa. Nikafurahi, nikainama kuchukua sampuli. Nilipoinua kichwa jjajja alikuwa ameshafika kwenye mgomba wa pili, mzima, mzuri, anapogoa majani makavu kwa panga lilelile.

Nikamuuliza panga hilo ni la nani. Ni lake, ila jirani huliazima. Jirani naye hufanya vibarua kwenye mashamba ya watu, na hukata mikungu ya mfanyabiashara anayekuja na gari. Nilikaa chini ya mti nikachora kwenye daftari panga hilo limepita wapi mwezi ule. Mchoro ule, uliojaa mishale na alama za vidole vyenye tope, ndio uliobadilisha utafiti wangu. Nilikuwa nimekuja kuhesabu migomba iliyonyauka. Nikaanza kuuliza kila mkulima maswali ambayo hayakuwa kwenye dodoso: machipukizi ulipewa na nani? Nani alikukatia mkungu wa mwisho? Panga linalala wapi? Msimamizi hakupenda mwanzoni, maana dodoso lilikuwa limeshapitishwa, ikabidi nirudi kuomba idhini ya mabadiliko. Ukifanya utafiti Uganda unaohusisha kuhoji watu unahitaji pia kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Anza mapema, karatasi zina mwendo wake.

Mnyauko una njia tatu kuu: vifaa vya kukatia, machipukizi yenye ugonjwa, na wadudu wanaotua kwenye ua dume, lile linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, kufuata nekta. Njia ya wadudu unaifunga kwa kuondoa ua dume mara tu chane ya mwisho inapojitokeza. Usitumie kisu. Tafuta mti wenye panda, ulishike ua kwa ile panda, ulizungushe mpaka livunjike. Kayinja huambukizwa sana kwa njia hii, na ndiyo iliyotangulia kufa mashamba mengi. Bado utakutana na wakulima wasiotaka kulitoa. Mmoja aliniambia ndizi zisizo na ua hazitoi juisi nzuri ya pombe. Usimbishie siku hiyo hiyo. Mwombe akuachie mistari miwili umtolee maua, halafu mvuna na kukamua awe yeye.

Vifaa navyo: jiki iliyochanganywa na maji, au moto. Jiki inaisha na inauzwa. Moto upo kila jiko. Panga lipitishwe motoni pande zote mpaka liwe la moto kiasi cha kutoshikika, ndipo uende mgomba mwingine. Inachosha, nakubali. Ndiyo maana ukienda kuhamasisha wanaume wenye nguvu wataitikia kwa vichwa, na jioni utawakuta wanapogoa kama kawaida.

Ushauri wa zamani kwa shamba lililoambukizwa ulikuwa kung'oa shina zima, mama na watoto wake, na tunguu lake, kisha kulifukia. Kwenye karatasi ni sawa. Mpe jembe mwanamke mwenye umri wa miaka 60 anayeishi na wajukuu, mwambie ang'oe mashina 40, uone kama utamkuta tena nyumbani siku ya ziara yako. Wengi waliacha, na kuacha huko kukaitwa ukaidi. Baadaye watafiti walionyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote ya shina moja, hivyo mtu anaweza kukata mgomba mgonjwa tu, usawa wa ardhi, mara dalili zinapoonekana, akasafisha panga, na akaendelea kukagua shamba lake kila mara. Hiyo wakulima waliiweza. Ugonjwa hautoweki mara moja, kuna migomba inayobeba ugonjwa bila dalili na kuibuka baadaye, lakini shamba linarudi kuwa shamba. Nilipoona hivyo niliacha kuandika kwenye taarifa zangu kwamba wakulima wanakataa ushauri. Nikawa naandika ushauri unataka nguvu za watu wangapi na kwa muda gani.

Jifunze pia kutofautisha. Ugonjwa wa Panama nao hunyausha kayinja na ndizi za sukari, na wanafunzi huuchanganya na huu. Ukikata mgomba wenye Panama hautatoa usaha, utaona michirizi ya kahawia yenye wekundu ndani ya shina, mara nyingi shina limepasuka chini, na ndizi zenyewe ndani ni safi. Matooke kwa kawaida hauyasumbui. Ukikuta matooke yamelegea yenye usaha, ujue ni bakteria.

Mihogo niligusa kidogo kupitia mwenzangu wa Bukavu tuliyekaa naye hosteli moja. Yeye alisoma michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao mtafiti Storey aliueleza 1936 kule Amani, kwetu Tanga, na ambao kwa miongo mingi vitabu viliuita wa pwani na nyanda za chini. Mwaka 2004 ukaonekana tena Uganda, mahali pa juu zaidi ya mita 1,000, na vitabu vikabaki nyuma. Ubaya wake ni kwamba juu mmea unaweza kuwa umestawi, na mizizi ndani imeoza mabaka makavu ya kahawia. Mkulima hajui mpaka siku ya kuvuna, na wakati huo ameshagawia ndugu vipande vya mbegu. Inzi weupe hueneza, ila safari ndefu hufanywa na mtu aliyebeba fungu la vijiti juu ya bodaboda.

Kwenye nyanya nilijifunza kipimo kisicho na gharama. Nyanya ikinyauka ghafla ingali kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usitikise. Baada ya dakika chache, kama ni bakteria, uzi mweupe kama maziwa utashuka kutoka pale ulipokata. Niliwahi kumfanyia kipimo hicho kijana mmoja wa Wakiso aliyekuwa amepiga dawa ya ukungu mpaka akiba ikaisha, kwa ushauri wa muuza duka. Dawa ya ukungu haiwezi bakteria. Ile pesa ilikuwa ya ada ya mdogo wake. Hakusema neno, aliitazama glasi, kisha akaanza kung'oa nyanya mstari mmoja baada ya mwingine, nami nikamsaidia. Kama huna uhakika ni kuvu, bakteria au virusi, usimtajie mtu dawa. Mwambie tu hujui bado.

Sampuli zenyewe: usizifunge kwenye mfuko wa plastiki. Majani hutoa jasho, na ukifika maabara kwa bodaboda na matatu kutoka Kayunga unakuta uozo wa kila aina. Tumia gazeti, kisha bahasha ya karatasi. Andika kwa penseli, wino hufutika ukiguswa na spiriti. Andika aina ya zao, tarehe, na mbegu ilitoka wapi. Na mtafute mtaalamu wa takwimu kabla ya kupanda jaribio lako, siyo baada ya kuvuna. Wa kwangu alinipokea vizuri, akatazama mpangilio wa vitalu, akaniuliza kwa upole kama bado nina mbegu.

Sisi tunaotoka ng'ambo ya mpaka tuna mtego wetu. Nyumbani ni karibu, ugonjwa ni uleule, na unatamani kubeba vipande viwili vitatu kwenye begi ulinganishe. Mimea na vimelea haivuki mpaka bila vibali, na ni haki. Kuna karatasi maalumu zinazohifadhi vinasaba huku zikiua kimelea chenyewe. Hizo ziombee vibali, nayo ni kazi nyepesi zaidi.

Mtego ulikuja na kwa sura ya baba. Alinipigia simu kabla ya Krismasi: "Mwanangu, ukija tubebee machipukizi ya matooke yale mazuri ya huko." Nikamwambia haiwezekani, aulizie miche ya maabara kituo cha utafiti Maruku. Akanyamaza, kisha akasema, "Umekwenda kusoma, sasa unatunyima mbegu." Sikukuu ile tulikula kimya kimya. Mama ndiye aliyetupatanisha, si sayansi. Miche ya maabara alikuja kuipanda msimu uliofuata akinung'unika kwamba ni midogo na inataka kumwagiliwa, jambo ambalo ni kweli. Na si kwamba haiambukizwi. Inaanza safi tu, baada ya hapo inategemea panga.

Kuhusu ajira, msitarajie ofisi. Kazi nyingi za utafiti ni za mkataba, mradi ukiisha na mkataba umeisha. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa kwenye shamba la maua upande wa Entebbe, nikikagua ubwiri unga na ubwiri vinyoya kwenye waridi kabla ya saa moja asubuhi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini jicho langu lilinolewa pale kuliko darasani, kwa sababu ukikosea kreti zinarudishwa. Wengine wameingia ukaguzi wa mipakani, kampuni za mbegu, au wamerudi kuwa mabwana shamba na mabibi shamba wilayani, na hao naona ndio wanaotumia walichosoma.

Ukija, andika kwa msimamizi kabla ya kuomba nafasi, umuulize mradi wake una pesa hadi lini. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi inatosha kuanzia. Buti za mvua nunua jozi mbili, moja uiache wilayani unakofanyia utafiti, na usiingie nazo shamba la mtu mwingine kabla hujaziosha tope lote na kuzipitisha kwenye maji ya jiki.